Jina la nani limeandikwa kwenye karatasi ya umeme nyumbani kwako?

FundiWaMasese (mwanzisha uzi):

Salamu zenu wana jukwaa. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke na ni fundi umeme. Nafunga waya za nyumba hapa Jinja, Uganda, na vijiji vya jirani, mwaka wa 11 huu. Nimekulia Masese, safari fupi ya boda boda kutoka bwawa la Nalubaale, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls. Lilifunguliwa 1954. Umeme wake ulikwenda Kampala, ukavuka mpaka ukawasha taa Kenya, na nyumbani kwetu mama akaendelea kupuliza kuni. Mita tulifungiwa nikiwa sekondari. Nakumbuka yule fundi alivyopanda ngazi, mimi chini nimemshikia tochi, na siku hiyo nikajua nataka kazi gani.

Kilichonisukuma kuandika ni kazi ya wiki iliyopita. Niliitwa Bugembe na mama mmoja mjane. Alitaka nimwongezee soketi ili binti yake aweke cherehani ya umeme. Kazi ndogo. Nikamuuliza mita imesajiliwa kwa jina gani, kwa sababu waya za nyumba ile zimechakaa na nilitaka aombe ukaguzi. Akasema jina la marehemu. Karatasi ziko wapi? Kwa shemeji. Nikampigia shemeji simu. Hakunijibu kwa ukali, alinijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Hiyo mita ni ya kaka yangu, ni mali ya ukoo. Msiguse kitu mpaka nije." Huyo mama amenunua tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, miaka 9 kwa pesa ya kuuza samaki. Kuongeza soketi moja anasubiri ruhusa ya mtu anayeishi Iganga.

Nilirudi nyumbani moyo mzito, kwa sababu ukitazama juu, nchi yetu inaonekana kama imeshamaliza jambo hili. Kuanzia 2011 Wizara ya Nishati ilishikwa na wanawake watatu mfululizo: Irene Muloni, mhandisi wa umeme aliyewahi kuongoza shirika la usambazaji UEDCL, akaja Mary Goretti Kitutu, kisha Ruth Nankabirwa 2021. Mwaka huohuo Irene Bateebe, naye mhandisi, akateuliwa Katibu Mkuu. ERA, mamlaka inayodhibiti umeme na kupanga bei, imeongozwa na mhandisi Ziria Tibalwa Waako. Kampuni ya taifa ya mafuta imeongozwa na Proscovia Nabbanja, mwanajiolojia. Najivunia kila mmoja wao. Nilipokuwa chuo cha ufundi nilikata picha ya Muloni gazetini, amevaa kofia ngumu, nikaibandika juu ya kitanda.

Lakini nikishuka huku kwenye nguzo, mara nyingi niko peke yangu. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu (kama ya jua, maji na upepo), IRENA, lilitoa hesabu 2019: wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani, na asilimia 22 kwenye mafuta na gesi. Ukiondoa makarani ukabaki na kazi za sayansi na uhandisi, ile 32 inashuka hadi 28. Hiyo ni dunia nzima, na nchi tajiri zimo.

Ninavyoona mimi, usawa huu unapimwa kwenye karatasi. Akaunti ya mita. Kibali cha fundi. Mkataba wa kazi. Hati ya fidia ya ardhi. Jina lako likiwamo, ukisema unasikilizwa. Lisipokuwamo, wewe ni wa kulipa na kungoja. Naomba kila mmoja wenu, wanaume pia, akafungue lile faili la nyumbani, atazame, arudi aniambie ameona jina gani.

KijanaWaBwaise:

Dada, nimetazama. Jina ni la landilodi.

Huku Bwaise tuko vyumba 8 kwenye mzigo mmoja, ndivyo tunavyoita safu ya vyumba vya kupanga, mita moja. Mwanamke hana jina na mwanamume hana jina. Landilodi amefunga vimita vyake vidogo vya ndani, anatuuzia yuniti kwa bei anayotaka yeye. Kwa hiyo hoja yako naielewa, ila umeongea na wenye nyumba, sisi wapangaji umetuacha nje. Na usisahau: zile yuniti 15 za kwanza za mwezi, za shilingi 250, ambazo serikali inasema ni za mtu maskini, ni za mita, si za familia. Familia 8 tukigawana yuniti 15 kila familia inapata chini ya yuniti mbili kwa mwezi.

FundiWaMasese:

Kaka, umenirekebisha na ninakubali. Nilipoandika "karatasi ya nyumbani" nilikuwa nafikiria nyumba kama ya Bugembe. Kwenye mizigo kama hiyo nimefunga waya mara nyingi, na nawajua wanaobaki humo mchana kutwa: wanaofua, wanaopiga pasi za watu kwa malipo, wanaosuka nywele. Ni wanawake wengi. Yuniti ya landilodi ikiwa ghali, inakatwa kwenye mapato yao kwanza. Naiongeza hiyo kwenye orodha yangu: mkataba wa mpangaji, uandikwe bei ya yuniti.

MzeeWaBombo:

Asalaam aleykum. Binti yangu, maneno yako yamenigusa mahali, nami nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema.

Nilikuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda kimoja, zamani, sitakitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliletwa msichana kufanya mafunzo ya vitendo. Alikuwa na barua zote. Nilimtazama nikamwambia aende stoo akahesabu vipuri. Wenzake wa kiume niliwapeleka kwenye mota na paneli. Miezi mitatu alihesabu vipuri. Ripoti yake niliisaini nikaandika kwamba amefanya vizuri, na hakugusa hata fyuzi moja. Hakulalamika. Sijui aliishia wapi, na kila nikiona binti amebeba mkoba wa vifaa namkumbuka yeye.

Nawaambia vijana: wakati ule ndio Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 ili waingie vyuo vikuu vya serikali. Ilikuwa 1990. Tulikaa kwenye kahawa tukasema elimu imekwisha, watapewa digrii za bure. Waliopita kwa mlango huo leo ni wahandisi na madaktari, na nchi haikuanguka. Lakini pointi zile zilikuwa za chuo kikuu. Msichana wa karakana alibaki kwenye huruma ya fundi anayempokea, na fundi mwenyewe ndiye mimi. Ndiyo maana huko juu wamejaa na huku chini wewe uko peke yako. Mlango wa juu uliwekewa sheria, wa chini tuliushika sisi.

FundiWaMasese:

Mzee wangu, wa aleykum salaam. Nimesoma maneno yako mara tatu. Sina la kuongeza, ila nakushukuru kwa kuyasema hadharani.

Mkandarasi_Mbale:

Dada, nakuheshimu, lakini acha na mimi niseme yangu. Nina kikosi cha watu 14, tunavuta laini ndogo vijijini huku chini ya Mlima Elgon. Gari lisipofika, nguzo inabebwa mabegani, matope mpaka magotini. Umeme hauna mwanamke wala mwanamume, ukikosea unakuua. Mwaka juzi nilimchukua binti mmoja kutoka chuo cha ufundi. Nikiri kweli, kazi yake ilikuwa safi kuliko ya vijana wangu. Mwezi wa 7 akawa mjamzito, nikabaki na pengo katikati ya mkataba wenye tarehe. Faini ya kuchelewa niliilipa mimi mfukoni. Sasa niambie, hapo usawa unanisaidiaje?

FundiWaMasese:

Kaka, nashukuru umesema wazi, wengi wanalisema hili pembeni. Nitakujibu kwa kazi tunayoijua wote wawili.

Nguzo haibebwi na mtu mmoja, hata awe na mabega gani. Inabebwa na watu 8 au 10 kwa kamba na magogo, na akianguka mmoja wote mko hatarini. Anayeua watu kwenye laini ni yule asiyepima kabla ya kugusa, asiyeunganisha waya wa ardhini, anayefanya haraka ili atoke mapema. Wewe mwenyewe umesema kazi ya huyo binti ilikuwa safi.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi kwa mkandarasi mmoja, miaka 6 iliyopita. Alinipa mkanda wa kupandia nguzo wa saizi ya mwanamume mnene. Nikaukaza mpaka tundu la mwisho, bado ulikuwa unateleza kiunoni. Nilipanda hivyohivyo kwa sababu niliogopa wakisema siwezi. Kule juu, mikono imeshika waya, nikahisi mkanda unashuka. Nilikumbatia nguzo kama mtoto anavyomkumbatia mama yake, mpaka wakaniletea ngazi. Jioni msimamizi akasema, "Mmeona? Wanawake na nguzo wapi na wapi." Hakuna aliyeutazama ule mkanda. Eneo la kazi halikuwa na choo, wanaume walikwenda nyuma ya miti, mimi nilikaa bila kunywa maji kutwa nzima. Malipo yetu yalitumwa kwenye simu ya msimamizi, yeye ndiye aliyegawa, na langu lilifika limepungua. Sikuwa na mkataba, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda.

Kuhusu ujauzito: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo yenye malipo. Ukijua hivyo tangu mwanzo unaiweka kwenye hesabu, kama unavyoweka mafuta ya gari. Nikuulize bila ubaya: huyo binti ulimwandikia mkataba? Na kijana wako mmoja akivunjika mguu kwenye mpira Jumapili, unamwitaje, hasara au mgonjwa?

Mkandarasi_Mbale:

Mkataba sikumwandikia. Wote 14 hawana. Hilo la mguu nimelielewa.

Mhandisi_Kireka:

Naona uzi unapanuka mno. Sekta ya nishati ni uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Bujagali megawati 250, Isimba 183, Karuma 600. Huko ndiko tuulize wanawake wako wangapi kwenye vyumba vya kuendeshea mitambo. Hadithi za kuni na vyumba vya kupanga ni mambo ya nyumbani, tuyaanzishie uzi mwingine.

MamaLishe_Nakawa:

Mhandisi, samahani, jiko ndilo sekta yenyewe. Chukua nishati yote inayotumika Uganda, uipime kwa mizani moja: sehemu kubwa kabisa ni kuni na makaa, umeme ni kipande kidogo. Sasa nani anayeikusanya hiyo kuni, anayeibeba, anayekaa kwenye moshi wake? Kama kuna wafanyakazi wengi wa nishati nchi hii ni wanawake na watoto wa kike, ila hakuna anayewalipa, kwa hiyo hakuna anayewahesabu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wanaokaa karibu na huo moshi ni sisi.

Mimi napika chakula cha wafanyakazi wa karakana, sahani 60 kwa siku. Rais alipotoa amri Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, nilielewa sababu, misitu ya Acholi ilikuwa inaisha. Lakini gunia lilipanda bei, na mimi siwezi kupandisha sahani kila wiki, wateja watakimbia. Ndipo nikanunua sufuria la presha la umeme. Maharage yanaiva kwa chini ya yuniti moja. Nilishangaa. Sigiri ilikuwa inanilia makaa asubuhi nzima.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo haizungumzwi. Tangu 2022 kuna bei nafuu ya kupikia. Nzuri sana. Lakini inaanza yuniti ya 81 mpaka ya 150 kwa mwezi. Yuniti 15 za kwanza ni 250. Kuanzia 16 mpaka 80 unalipa bei kamili, zaidi ya shilingi 700 kila moja. Maana yake kabla hujaonja bei ya kupikia unapaswa kununua yuniti 65 za bei kamili, zaidi ya shilingi 45,000, mwezi mmoja. Mimi mwenye biashara nafika. Mdogo wangu wa Kasokoso anayenunua tokeni ya 2,000 hafiki hata siku moja, na yeye ndiye aliye kwenye moshi. Waliopanga ngazi ile ya bei walimfikiria mtu ambaye tayari ana friji na televisheni, halafu ndipo apike.

Na ndani ya nyumba pia kuna ngazi. Nyumba ikipata umeme, kwanza taa, kisha simu, kisha televisheni, kisha redio kubwa. Sufuria la presha linakuja mwisho kwa sababu anayeshika pesa hapiki. Langu nilinunua kwa pesa ya chama chetu cha akina mama, mume wangu aliliona limeshafika. Sasa anajisifia kwa wageni.

Mhandisi_Kireka:

Hesabu ya ile ngazi iko sawa, nimeirudia mwenyewe. Natengua niliyosema kuhusu uzi mwingine.

Binti_Buliisa:

Mimi natoka huku kwenye mafuta. Mnasikia mradi wa kuchimba mafuta wa Tilenga, mnasikia bomba la mafuta la EACOP kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga, 296 zikiwa ndani ya Uganda. Kwetu mafuta yalianza kama watu wenye vitabu na kamba za kupimia wakihesabu mihogo.

Mama yangu mdogo aliishi na mumewe miaka 14, watoto 5. Mihogo ile aliipanda yeye, palizi yake, mavuno yake. Mume alikuwa ziwani akivua. Siku ya kuhesabu mazao jina lililoandikwa ni la mume, kwa sababu ndiye "mwenye boma". Siku ya kusaini walimwita naye, ni kweli, aliitwa. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, akaonyeshwa pa kuweka dole gumba. Fidia ikaingia. Baada ya mwezi mmoja mume alinunua pikipiki mbili, baada ya mwaka alikuwa na mke mwingine Hoima mjini. Mama mdogo alipokwenda kulalamika aliulizwa cheti cha ndoa. Hakuna. Hata kwanjula, sherehe ya utambulisho kwa wazazi, haikufanyika, walikuwa wanangoja pesa ya ng'ombe.

Sasa yuko kwetu. Anakodi shamba la mtu.

WakiliMsaidizi_Lira:

Nafanya kazi ya kuwasaidia watu vijijini katika kesi za ardhi, naomba nieleze kidogo kwa sababu hapa kuna mambo matatu yamekutana.

La kwanza ni la Buliisa. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inataka mwenzi akubali kabla ardhi ya familia haijauzwa au kutolewa. Kuna pia kipengele kinachobatilisha uamuzi wowote kuhusu ardhi ya kimila unaomnyima mwanamke kuitumia. Katiba yenyewe, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla mtu hajanyang'anywa mali. Kwenye karatasi tumejitahidi. Tatizo ni lile neno "mwenzi". Kuishi pamoja miaka 14 si ndoa kisheria hapa Uganda. Wanawake wengi mno wanaanguka kwenye tundu hilohilo. Ndugu zangu, kama mradi unakuja kwenu, barabara, bomba, laini kubwa ya umeme, kamilisheni ile ndoa ya kimila na muiandikishe. Na mazao yaandikwe kwa jina la aliyepanda, aseme siku ileile mpimaji akiwa bado amesimama shambani. Baadaye ni vigumu sana.

La pili ni la Bugembe. Huyo shemeji wa Iganga amekosea. Sheria ya Mirathi ilirekebishwa 2022. Marehemu asipoacha wosia, watoto wana asilimia 75, mjane 20, wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haigawanywi, ni ya mjane na watoto kukaa. Mita imefungwa kwenye nyumba hiyo. Ukoo hauna mita.

La tatu, kwa anayefuatilia bajeti: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka bajeti ya kila wizara, na ya Nishati imo, ipate cheti cha kuonyesha imezingatia jinsia na usawa, kwa ushauri wa Tume ya Fursa Sawa. Cheti hicho ni cha umma. Mbunge wako wa wilaya anaweza kukiuliza, na wewe unaweza kumuuliza yeye.

MamaKyangwali:

Jambo kwenu wote. Mimi niko hapa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, nilivuka ziwa kutoka Ituri, Kongo, mwaka 2018. Kiswahili changu ni cha kwetu, munisamehe.

Munasema karatasi ya mita. Sisi huku hatuna mita. Moto wetu ni kuni. Tunaendaka porini bamama watatu ao wane pamoja, juu ukienda peke yako unakutana na mwenye shamba, anakuambia kuni ni zake, halafu anataka kitu ingine. Mumenielewa. Binti yangu wa miaka 13 simutumi tena kuni, naenda mwenyewe usiku bado haujaisha, nikirudi ndio napika. Wakati walikuja watu kuandikisha majina ya taa za sola, waliita bwana wa kila nyumba. Bwana wangu alifia njiani. Niliandikwa wa mwisho, taa zilikuwa zimekwisha.

Leo niko na taa moja, nilinunua kidogo kidogo kwa mama mwenzangu anayezunguka akiuza. Yeye haulizi bwana yako ni nani. Anauliza utalipa lini.

FundiWaMasese:

Mama, pole. Pole sana. Hilo la mwisho limenikaa. Shirika la Solar Sister lilianzia hapahapa Uganda kwa wazo hilo, mwanamke amuuzie mwanamke mwenzake taa, kwa sababu anajua mlango wa kuingilia na anajua siku ya soko. Nimewaona Kamuli na Mayuge, mama anatembea na taa tatu kwenye kikapu, jioni anarudi bila hata moja. Nauliza mara kwa mara kwa nini hao hao hawafundishwi pia kutengeneza. Betri ikifa, taa inarudi mjini kwa kijana wa karakana, na pesa ya ufundi inatoka kijijini. Kama kuna mtu humu mwenye nafasi ya darasa Kyangwali au Nakivale, mimi nitakuja kufundisha wiki mbili, nauli yangu tu.

MwalimuArua:

Huku kwetu tulitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta mpaka laini kubwa ilipofika 2024. Tangu hapo mtaani kwangu zimefunguliwa saluni 3 na mashine ya kusaga 1. Saluni zote za wanawake. Mashine ya mwanamume. Nilimuuliza mmoja wa saluni kwa nini hakuchukua mashine, akasema mashine inahitaji laini ya fezi tatu, umeme wa mashine kubwa, na fomu yake inataka hati ya kiwanja. Kiwanja ni cha baba mkwe.

FundiWaMasese:

Mwalimu, hiyo ndiyo karatasi nyingine. Fezi tatu ndiyo inayoleta pesa ya kweli: kusaga, kuchomelea, kugandisha samaki. Taa peke yake haimtoi mtu kwenye umaskini.

Mkandarasi_Mbale:

Dada, nimekaa na uzi huu siku mbili. Yule binti nilimpigia jana. Mtoto ana mwaka na miezi, bibi yake anamlea, na yeye anauza simu kwenye kibanda. Nimemuuliza kama atarudi. Amesema akiona mkataba kwanza. Nimeomba mtu aniandikie, kwa wote 14, maana nikimwandikia yeye peke yake vijana watanigomea, nao watakuwa na haki. Nakuuliza la ufundi: mkanda wa saizi ndogo ulipata wapi?

FundiWaMasese:

Kaka, Mungu akubariki. Mkanda usinunue kabla hajaupima mwenyewe. Muulize muuzaji saizi ndogo yenye kamba za mapajani, si ule wa kiuno pekee, hata vijana wako wembamba utawafaa zaidi. Glavu pia, zikiwa kubwa vidole havihisi skrubu. Nitakutumia picha ya wangu.

Sasa niwape habari za Bugembe. Nilimsomea yule mama maneno ya Wakili, tukayatafsiri kwa Lusoga na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiwapo. Jumamosi shemeji akaja kutoka Iganga. Alikuja na bahasha. Tulikaa chini ya mwembe kwa muda wa karibu saa tatu. Mwanzoni alitaka kunifukuza mimi, akisema fundi hana neno katika mambo ya ukoo. Mwenyekiti akamwambia fundi amealikwa na mwenye nyumba. Neno hilo, mwenye nyumba, lilimfanya yule mama ainue uso.

Mwisho shemeji alikubali kutoa karatasi, ila kwa sharti: mita iandikwe jina la mtoto wa kiume. Mtoto ana miaka 16. Kila mtu akanyamaza, na nilimwona mwenyekiti anataka kukubali ili kikao kiishe. Yule mama akasema polepole, "Tokeni ya jana nani kainunua?" Hakujibiwa. Akauliza tena. Binti yake aliyekuwa mlangoni na cherehani ndiye aliyejibu.

Bahasha imebaki mezani kwake. Jumatatu saa 3 asubuhi tunakwenda ofisini pamoja, ameshaitoa ndaga muntu yake, kitambulisho cha taifa, kwenye sanduku na barua ya LC imepigwa mhuri. Nitarudi hapa niwaambie jina lililoandikwa.